Viko vya Baba Neema

Mume wangu havuti. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona na sigara mdomoni, na jirani akiwasha yake kibarazani kwetu, yeye huhamisha kiti upande upepo unakotoka. Sasa fungua kabati langu la vyombo vya wageni, rafu ya katikati, palipokuwa pa mabakuli ya supu. Utakuta viko. Vilivyonyooka, vilivyopinda, vyenye mdomo mrefu, kimoja kina alama za meno ya mtu ambaye hatutamjua kamwe. Vyote vilishavutwa na watu wengine kabla ya kufika kwetu, na wengi wa watu hao, ukipiga hesabu ya umri wa viko vyenyewe, wameshazikwa. Hilo la kuzikwa ndilo alilolishika mama mkwe wangu. “Mnaleta midomo ya marehemu kwenye nyumba yenye chakula,” alisema siku ya kwanza, kisha akaenda zake kunusa ugoro.

Ilianza Baba Neema alipostaafu. Alikuwa mhasibu, na mhasibu asiye na vitabu vya kufunga mwisho wa mwezi anaanza kukagua nyumba. Alihesabu vipande vya mkaa gunia zima. Aliuliza kwa nini sukari inakwisha tarehe kumi na nane. Nilimwombea afuge kuku, maana wenzake wote wanafuga kuku. Badala yake akawa anashinda kwa wauza vikorokoro karibu na Soko la Kilombero hapa Arusha, wale wenye pasi za mkaa, saa zilizosimama na redio zisizo na mgongo, na jioni moja akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Shilingi 15,000. Kilikuwa cheusi, kinanata, kinanuka moshi uliolala humo kwa miaka.

“Cha nini?”

“Mama Neema, hebu kiangalie vizuri.”

Nilikiangalia vizuri, sikuona kitu. Akachukua kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, akasugua ubavu mmoja taratibu, na chini ya uchafu ikajitokeza mistari ya mbao, myembamba, imesimama wima kutoka kitako cha bakuli hadi ukingoni, hakuna hata mmoja uliokatika njiani. Palikuwa pazuri, siwezi kukana. Nikanyamaza, na katika nyumba yetu mke akinyamaza huhesabiwa ameruhusu.

Kesho yake akafungua daftari. Safu ya tarehe, ya bei, ya aina, ya kasoro, ya gharama za matengenezo. Safu ya mauzo hakuichora.

Ili mnielewe, inabidi mjue mimi ni mtoto wa Urambo. Waingereza walipoleta ule mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga ziligoma, mradi ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwetu ardhi ile iliyokwisha kufyekwa ikaingia tumbaku. Baba yangu aliilima mpaka anaingia kaburini. Nimechuma majani yaliyoniachia utomvu mweusi vidoleni usiosikia sabuni. Nimeyatunga kwenye fito. Nimekesha nje ya bani la kukaushia nikichochea kuni ili joto lisishuke, kwa sababu joto likishuka jani linabadilika rangi, na jani likibadilika rangi daraja linaanguka siku ya soko, na ada ya shule inaanguka nalo. Nilipoolewa huku kwenye kahawa na migomba nilijua mimi na harufu ile tumeagana. Ikanifuata, imefungwa kwenye gazeti.

Kusafisha kiko cha mtumba kuna utaratibu wake, na nimelazimishwa kuujua. Ndani ya bakuli moshi hujenga tabaka la mkaa, na tabaka hilo ni ukoko wa wali kabisa: gumu, limeng’ang’ania ukuta, na lina kazi yake, kwani ndilo linaloizuia mbao isiungue. Lakini likiachwa linenepe, likipata moto hutanuka na kulipasua bakuli. Kwa hiyo hukwanguliwa mpaka ubaki unene wa sarafu. Wenye fani wana kifaa maalumu cha kukwangulia. Baba Neema alikuwa na kisu changu cha kumenyea viazi. Mkaa wa mzungu asiyejulikana, pengine wa enzi za gavana, ukatawanyika juu ya kitambaa cha meza nilichofumiwa na dada yangu. Nikampiga marufuku mezani. Akahamia jikoni. Nikampiga marufuku jikoni. Akahamia bafuni, na huko ndiko balaa lenyewe lilikomsubiri.

Mdomo wa kiko, yaani ile sehemu ya kung’ata, katika viko vingi vya zamani ni wa eboniti: mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu. Ukiwa mpya ni mweusi na unang’aa. Ukipigwa na mwanga miaka mingi hugeuka kijani iliyochanganyika na kahawia, na wavutaji wanasema huwa mchungu ulimini. Njia mojawapo ya kuurudisha ni kuuloweka kwenye jiki iliyozimuliwa kwa maji, kisha kuusugua. Akachukua glasi, akatia jiki na maji, akatumbukiza mdomo, akaiweka kwenye rafu ya bafuni, akaenda kulala kwa amani.

Rafu hiyohiyo ndipo mama mkwe wangu huweka glasi yake ya meno.

Usiku ule umeme ulikatika. Bibi akaenda bafuni kwa kupapasa, akatoa meno, akayatumbukiza kwenye glasi iliyomjia mkononi, akarudi kitandani. Alfajiri tukasikia sauti isiyo na meno ikiita, “Bhabha Neema! Njoo hapha!” Tulikwenda wote wawili na kanga na bukta. Meno yalikuwa meupe kupita siku yalipotoka kwa daktari. Na katikati ya safu ya juu na ya chini, limebanwa barabara, lilikuwa limelala domo jeusi la kiko.

Bibi hakupiga kelele. Aliitazama glasi, akamtazama mwanawe, akasema polepole, “Mwanangu, kama mmenichoka, si mngeniambia tu?”

Tuliyasuuza meno yale kwa maji ya kila aina, ya bomba, ya uvuguvugu, ya limau. Wiki nzima bibi alikula mtori na uji, akidai kila chakula kina ladha ya wodi ya wazazi. Baba Neema alimnunulia glasi mpya yenye maua, akaandika bei yake kwenye safu ya gharama za matengenezo.

Baada ya jiki hufuata msasa wa maji: namba 400, kisha 600, kisha 1000, kisha 2000, mpaka eboniti irudie weusi wake. Kitu ambacho hakuna aliyetuonya ni kwamba eboniti ikisuguliwa huachia salfa yake. Nilikuwa naunga mboga, nikasikia harufu ya mayai viza. Nikazima jiko, nikafungua madirisha, nikamtoa bibi nje na kiti chake, nikampigia simu kijana anayetuletea mitungi ya gesi. Alifika na bodaboda, akapaka povu la sabuni kwenye valvu, akasubiri, hakuna hata kipovu. Akanusa. Akafuata pua yake, akazunguka nyumba, akamkuta Baba Neema nyuma ya banda kwenye kigoda, beseni la maji miguuni, anasugua huku anaimba tenzi. Kijana alidai shilingi 5,000 ya usumbufu. Nazo zikaandikwa.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuchagua. Viko vya hovyo hakuvitaka tena. Alinifundisha, nikiwa napepeta mchele wangu, kwamba mbao ile si mbao ya shina bali ni kinundu kinachoota pale shina linapokutana na mizizi ya kichaka cha Erica arborea, huko nchi za Mediterania. Vinundu huchimbwa, huchemshwa saa nyingi kutoa utomvu, hukaushwa miezi na miezi, ndipo huchongwa, na mji wa Saint-Claude kule Ufaransa umekula mkate wa kazi hiyo tangu miaka ya 1850. Kinachofanya kinundu kile kifae ni kwamba hakishiki moto kwa urahisi. Halafu akagundua kwamba kichaka hichohicho kinaota Kilimanjaro, juu ya msitu, kwenye ukanda wa baridi. Nikamwona anatazama mlima kwa macho ya mtu anayetafuta jembe. Ilibidi nimkumbushe kwamba ile ni hifadhi ya taifa, na kwamba goti lake la kushoto halipandi hata ngazi za benki.

Kisa cha nukta nyeupe nitakipitia haraka, maana mwenyewe bado kinamuuma. Kampuni ya Dunhill ya London huweka nukta nyeupe juu ya mdomo wa kiko. Ilianza kama alama ya kumwonyesha mteja upande upi uwe juu, ikaishia kuwa alama ya bei. Muuzaji mmoja akamletea kiko chenye nukta nyeupe, akataka shilingi 90,000, wakapatana 70,000. Siku ya msasa, kabla hata hajafika namba 600, nukta ikabanduka ikabaki kwenye maji ya beseni. Ilikuwa rangi ya kucha. Nilijua ni rangi ya kucha kwa sababu niliinusa. Kwenye daftari aliandika neno moja tu, “Elimu”, na mbele yake 70,000.

Lakini kiko cha Dublin kilikuwa cha kweli. Binti wa shemeji yangu anayeishi huko alikipata kwenye duka la vitu vilivyotolewa msaada, akampa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Peterson, kimepinda vizuri, shingoni kina pete ya fedha iliyopigwa mihuri midogo ambayo Baba Neema aliisoma kwa lenzi mpaka macho yakatoa machozi. Mdomo wake ni wa namna ambayo mwenye kampuni hiyo aliisajili mwaka 1898: tundu la moshi halitazami mbele, liko juu, ili moshi upande kwenye kaakaa usiuchome ulimi. Alikiweka peke yake, juu ya kipande cha velveti alichokikata kwenye pazia langu la zamani. Mgeni akija, hajanywa maji, ameshaonyeshwa.

Sasa, kuondoa harufu ya mtu wa kwanza kunahitaji kileo kikali. Unalijaza bakuli pamba, unaitonesha kileo, unaacha usiku kucha, asubuhi pamba imefyonza lami yote na imekuwa kahawia. Baba Neema akaamua kileo kilicho karibu na cha bei nafuu ni konyagi. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Alikwenda mwenyewe, mchana, na suti yake ya kaunda, akanunua chupa ndogo kwenye kioski cha jirani, na muuzaji alipotaka kuifunga kwenye mfuko mweusi akakataa, eti yeye hana cha kuficha. Nilipofika sokoni jioni, watu wawili walinipa pole. Mmoja aliniambia mjomba wake naye alianza hivyohivyo baada ya kustaafu.

Katikati ya minong’ono hiyo ndipo kiko kikuu kikaja.

Mwanzoni sikuelewa furaha yake. Hakikuwa cha mbao. Kilikuwa cha jiwe, kimepakwa rangi ya kahawia iliyokoza, ukingo umechubuka ukaonyesha weupe wa ndani, na juu ya mdomo alichorwa tembo. Ubavuni kimepigwa muhuri: Kiko, Made in Tanganyika. Kiko kiitwacho Kiko. Kilikuwa cha urithi wa familia moja ya Usa River iliyokuwa inagawana vitu vya babu yao, na aliwalipa shilingi 120,000 bila kuomba kupunguziwa, mtu ambaye huomba apunguziwe hata nauli ya daladala.

“Hiki kimechongwa hapa Arusha, Mama Neema. Hapahapa.”

Na kweli. Kulikuwa na kampuni hapa mjini, Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyochonga viko kutokana na mirishamu, jiwe laini ambalo wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Uturuki wanalichimba Eskişehir, nalo ni jeupe na jepesi. Letu lilichimbwa bonde la Amboseli linalokatwa na mpaka wa Kenya, na upande wetu machimbo yake ya zamani yako Sinya, wilaya ya Longido. La kwetu ni zito kidogo na lina ukijivu, ndiyo maana mafundi walipenda kulipaka rangi. Jiwe hilihili lilisafirishwa hadi kisiwa cha Man likachongwa viko huko pia. Baba Neema aliusoma ule muhuri akahitimisha kwamba kiko kilichongwa kabla ya jina Tanzania kuanza kutumika Oktoba 1964. Nikamwambia kiwanda chochote chenye akili humaliza kwanza mihuri ya zamani. Alifikiri, akachukua kalamu, akaongeza alama ya kuuliza. Ni heshima kubwa kwa mhasibu.

Jioni hiyo nilimkuta dirishani amesimama kimya, ulimi nje, ameubandika kwenye ukingo wa bakuli uliochubuka.

“Unafanya nini?”

“Kimethika, Mama Neema! Kimethika!”

Mirishamu halisi ina vitundu visivyoonekana kwa macho, inanyonya unyevu, kwa hiyo sehemu isiyo na nta hushika ulimi. Ndivyo wanavyoipima. Hayo nilielezwa baadaye. Kwa wakati ule nilichokiona ni mume wangu analamba kiko cha babu wa watu, na mama yake amesimama mlangoni nyuma yangu akiwa na kopo la ugoro, akitikisa kichwa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu ya jumuiya. Nilikuwa nimepika vitumbua, nimepanga viti, nimefukiza udi kidogo. Saa moja kasoro nikamkumbuka. “Viko vyako viko wapi?” Akasema vimehifadhiwa. Nilitakiwa niulize zaidi, lakini mwinjilisti alikuwa ameshabisha hodi.

Usiku alikuwa amevijaza vyote pamba na konyagi. Kiko kikijazwa namna hiyo lazima kisimame wima, na kitu kinachovisimamisha viko wima kuliko vyote ni trei ya mayai. Alikuwa na trei nzima. Aliposikia wageni aliisukuma chini ya meza ndogo ya sebuleni, akaifunika na kitenge, akaketi mbele yake na Biblia mapajani.

Tuliimba wimbo wa kwanza. Wakati wa sala chumba kikaanza kupata joto la watu, na konyagi ikipata joto haitulii. Nilifumbua jicho moja. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa naye amefumbua lake. Pua zikaanza kufanya kazi, moja baada ya nyingine, na chini ya harufu ya konyagi ikapanda ile nyingine, ya bani, ya utoto wangu mzima. Mtoto wa jirani, ambaye kwa umri wake sala ilikuwa imemchosha, akavuta kitenge.

Hakuna aliyesema kitu. Trei ya mayai, na kwenye kila shimo kiko, na kwenye kila kiko pamba iliyolowa, kahawia. Naapa ilionekana ni uganga. Na katika kimya kile mama mkwe wangu, akidhani anasaidia, akasema kwa sauti ya kutosha, “Msiogope. Ni vya marehemu.”

Mwinjilisti ndiye aliyejikaza. “Mzee,” alisema, “una neno?”

Baba Neema aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari. Alisoma kwa sauti, safu kwa safu, tarehe, bei, kasoro. Aliposema “konyagi, chupa ndogo, kwa ajili ya pamba” kikohozi kimoja kikapita chumbani. Mwinjilisti akalichukua daftari akalipitia mwenyewe.

“Yote imetumika kwenye viko?”

“Yote.”

“Hata tone?”

“Tone moja nililionja. Kujua kama ni kali.”

Nadhani kicheko kilichofuata ndicho kilichotuokoa. Lakini kuna mtu mmoja hakucheka. Ni mzee wa jumuiya yetu tunayemwita Babu, mtaratibu, husinzia wakati wa mahubiri na huamka wakati wa chai. Alikuwa ameinama kwenye trei. Akaingiza mkono akatoa kile chenye tembo, akaichomoa pamba kwa vidole viwili, akaitupa chini.

“Nani amekinywesha pombe hiki?”

Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda kile akiwa kijana. Hakuwa fundi, alisema, alibeba mawe na kufagia vumbi, na jioni walitoka wote weupe kichwani mpaka kope. Alikigeuza kiko mkononi kwa namna ambayo Baba Neema, pamoja na lenzi zake zote, hajawahi kukigeuza: kidole gumba ndani ya bakuli, kinapapasa ukuta. Hili ni jiwe, alisema, linakunywa chochote unacholipa. Ukitaka kulichonga unaliloweka kwanza, linalainika, kisu kinapita. Likikauka unalitia kwenye nta, linakunywa nta. Ukilipa konyagi litakunywa konyagi na kuitema nta. Na ukoko, kwenye mbao unauacha kidogo, kwenye jiwe hauuachi hata chembe, kwa sababu ukipata moto utalipasua. Lakini huutoi kwa kisu, unautoa kwa msasa laini na subira. Akamtazama Baba Neema. “Kisu umeshakitumia?”

Baba Neema alisema bado. Kisu changu cha viazi nilikuwa nimekificha tangu Alhamisi, ndani ya gunia la mkaa.

“Nta mnayo?”

Nilikuwa nayo mimi. Kwetu Tabora ni kwa asali tangu enzi za mizinga ya magome, na kaka yangu akinitumia asali hakosi kuweka na bonge la nta, sijui kwa nini, kwa kawaida naipaka kwenye uzi wa cherehani. Ibada ilifungwa kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, vitumbua vikaliwa wima, na nusu ya jumuiya ikabaki kutazama. Babu aliagiza kama yuko zamu. Kiko kikauke siku kadhaa kwanza, alisema, lakini kwa leo pakeni ukingo tu. Nikaleta draya ya Neema. Nikalipasha moto jiwe, Baba Neema akapitisha nta pale palipochubuka. Inayeyuka, inang’aa, halafu mbele ya macho yako inapotea, jiwe limeimeza, na weupe uliofifia unaanza kuwa wa manjano ya asali kutoka ndani. Unapasha tena, unapaka tena. Mama wa mtaa wa pili aliomba naye apake. Mwinjilisti alishika waya wa draya usikanyagwe. Sebule ilinuka asali, konyagi na udi.

Wakati wote huo mama mkwe wangu alikuwa kimya, na bibi akiwa kimya anapanga. Wageni walipokwisha kuondoka alikwenda kabatini, akapitisha mkono rafu nzima, akakipita chenye tembo, akavipita vya Ufaransa, akashika cha Dublin.

“Hiki changu. Fidia ya meno.”

Baba Neema alijaribu. Alimweleza kuhusu pete ya fedha. Bibi alikuwa ameshakitia mdomoni, akakizungusha mpaka kikakaa. Alisema ujanani kwao Upare wanawake wazima walivuta kiko na hakuna aliyewaita wahuni, na kwamba hiki tundu lake linatazama juu, halitamsumbua na meno. Kisha akanyoosha mkono. “Tumbaku.”

Tukatazamana. Nyumba yenye viko kabati zima haikuwa na tumbaku hata ya kutia jichoni.

“Mama, itakudhuru,” alisema Baba Neema.

“Nina miaka themanini na mitatu. Itanidhuru lini?”

Nikampigia kaka yangu Urambo. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akaendelea kucheka. Miaka yote nimemkataza asije kwangu na shati la shambani. Majani machache yaliyosalia kwenye fito yalifika kwa basi, yamefungwa kwenye gunia la sukari, na kondakta alinitoza mara mbili, moja ya mzigo na moja, alivyosema, ya abiria waliolalamika njia nzima. Niliyakata mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba mikono inajua: unaondoa uti wa kati, unakunja, unakata nyembamba, unanyunyiza maji kidogo yasivunjike.

Bibi aliketi kibarazani. Baba Neema alisimama pembeni na kiberiti, akimfundisha: usijaze sana, washa, shindilia kidogo, washa tena, usivute kwa haraka bakuli lisichemke. Bibi alimpokonya kiberiti. Aliwasha mara moja, akavuta, akafumba macho, akatoa moshi puani, akavuta tena, bila kusema lolote, mpaka bakuli likaisha. Nilimuuliza tumbaku ya kwetu ikoje. Akasema ni ya watoto, haina ukali, lakini siku ya ugoro kuisha itafaa.

Kisha akakigeuza kiko cha Dublin, pamoja na pete yake ya fedha na mihuri yake, akakigonga kwa nguvu kwenye ngazi ya saruji ili majivu yatoke. Ko! Ko! Ko!

Baba Neema aliruka. “Mama! Ndivyo kinavyopasuka!”

“Ndivyo kinavyosafishwa,” alisema bibi, akakigonga tena.